Mpya, Mtumba, na Harusi ya Mwalimu Perpetua

Jumatatu, 1 Septemba

Kompyuta yangu imekufa saa nne asubuhi. Ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikazima. Basi! Sikuilia sana. Harusi ya Mwalimu Perpetua iko salama kwenye kadi ya kamera.

Harusi ile! Mwalimu ana miaka sabini na moja. Amefundisha nusu ya mtaa wetu kusoma, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomsumbua. Jumamosi iliyopita kaolewa na mzee Aníbal, mwoka mikate, mgane wa siku nyingi. Mbele ya padri, mzee akasahau maneno ya kiapo. Kisha akasema taratibu: "Perpetua, nimechoka kula peke yangu." Watu wakalia. Nami nikalia, lakini kamera haikutikisika. Hapo ndipo unapomtofautisha mpiga video na mtu mwenye simu.

Mtu mwenye simu ni Wilfrido Ospino wa nyumba ya kona. Naye alirekodi, bila kuombwa na yeyote. Filamu itaoneshwa Jumamosi jioni ukutani kwa Mwalimu, mtaa mzima umealikwa. Wilfrido anatangaza kwamba yake itakuwa tayari kabla ya yangu, kwa sababu amenunua kompyuta mpya. Hata nailoni hajaibandua! Anapita nayo kwapani kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

Dada Edilma, mwenye nyumba hii na mwuza arepa, vile vimkate vya mahindi vya kukaanga vyenye yai ndani, hapo barazani, kanipa akiba yake. Kasema ninunue mpya, dukani, yenye dhamana, nirudi na risiti. Nikamwambia ndiyo, dada. Moyoni nilisema labda.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwenda ng'ambo ya barabara kwa fundi Yamile Barraza kuomba ushauri. Kusema kweli nilitaka tu akubaliane nami. Hakukubaliana.

Kasema mpya au mtumba si swali. Swali ni ndani kuna nini, na je, itaifanya kazi yangu? Niende na video zangu mwenyewe, nikae kwenye kiti nusu saa, nihariri mbele ya muuzaji, niiguse nione inavyopata joto. Ikigoma, niondoke. Akasema anayo moja ya mtumba, kaitengeneza kwa mkono wake, naruhusiwa kuijaribu bure.

Nikaiangalia. Nyeusi, imekwaruzwa ubavuni, haina hata taa moja ya rangi! Mteja akiiona hiyo atafikiri mimi ni karani wa posta. Nikashukuru, nikaondoka.

Njiani nikapata Mpango. Nanunua mtumba yenye nguvu, sokoni, kwa nusu ya bei. Inayobaki nanunua kamera ya kuruka. Wilfrido atabaki chini, mimi nitakuwa angani. Sijui kwa nini watu wengine hawafikiri hivi.

Jumatano, 3 Septemba

Ushindi! Nimeipata kwa mtu anayeitwa Profesa. Profesa wa nini, sikuuliza. Kasema ilikuwa ya wakili aliyeandika barua mbili tu kwa wiki. Taa saba za rangi! Nikaomba kuijaribu. Akashika kifua. Akasema kaka yangu, umeme wa hapa sokoni ni mbaya, utaiua bure. Jinsi alivyoijali ile mashine, niliguswa. Risiti kaniandikia kwenye mfuko wa mkate.

Dada Edilma akauliza kama ni mpya. Nikamjibu kwangu ni mpya. Akanitazama kama anavyotazama mafuta yaliyokataa kuchemka.

Harusi nimeihamishia kwenye kompyuta. Kisha kadi nikaifuta, maana kamera ya kuruka haikuja na kadi yake. Kamera imeruka vizuri mno. Imeruka mara moja. Sasa hivi iko juu ya paa la kanisa, pamoja na kadi. Padri kasema ngazi yao imeoza.

Hakuna shida. Harusi ninayo ndani ya mashine ya wakili.

Alhamisi, 4 Septemba

Mashine inahariri dakika sita, inaganda. Inawaka tena, dakika tano, inaganda. Imepata joto la kukaangia yai. Nimefungua kifuniko. Vumbi la kujaza soksi, mende wawili, na karatasi iliyobandikwa: *Ukumbi wa Michezo ya Kompyuta, Mashine Namba 14.* Wakili gani huyo?

Nikaweka feni. Nikaongeza ya pili. Mwisho akili ikanijia: friza ya dada! Nikaiingiza katikati ya jibini na maji ya matunda, nyaya nikazipitisha mlangoni, kioo nikakiweka juu. Dakika kumi na moja ilifanya kazi kama malaika! Nilimwona padri, nilimwona mzee Aníbal akifungua kinywa...

Dada akafungua friza kuchukua jibini. Hewa ya moto ikaingia, mashine ikaanza kutoa jasho. Ikapiga cheche. Taa saba zikazimika moja baada ya nyingine, polepole, kwa heshima.

Dada alisema maneno mawili tu: "Ubaldo. Jibini."

Kisha akauliza kama harusi ilikuwa humo. Nikaanza kupangusa jibini. Akavuta kiti, akakaa. Akasema mzee Aníbal alipita asubuhi kununua arepa, akauliza kwa kunong'ona kama maneno yake ya kanisani yanasikika vizuri kwenye filamu. Mwalimu sikio la kulia limekufa, na yeye alikuwa kasimama upande huo. Hakumsikia. Mzee hana ujasiri wa kuyasema mara ya pili. Anaingojea Jumamosi.

Chakula cha mchana hakikupita. Nilikula nusu tu. Na patakoni, zile ndizi mbichi za kukaanga.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeitia mashine kwenye foronya nimpelekee Yamile. Nafika barazani, mvua hiyo! Kwa dakika kumi barabara yetu imekuwa mto, kama kawaida yake. Mtungi wa gesi ukapita mbio. Ukafuata kiti cha kinyozi. Nikainua mguu kuvuka, dada akanidaka shati kwa nyuma. Kasema kama nataka kufa nifanye hivyo baada ya kulipa jibini.

Mara nani anakuja akijibana ukutani, beseni kichwani? Wilfrido! Ndani ya beseni, kompyuta mpya na nailoni yake. Naye anasubiri kuvuka kwa Yamile. Nikamuuliza kulikoni, bwana mpya? Akazungusha maneno wee, mwisho akakiri. Ni nyembamba, ni nzuri, lakini haina nafasi. Nusu tu ya harusi ikaijaza mpaka shingoni, na kila akigusa kitu inafikiri kama ng'ombe. Aliichagua kwa rangi.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Akauliza mbona foronya yangu inadondosha maji. Nikaacha kucheka.

Tukakaa saa mbili tukiangalia mto, dada akitulisha arepa. Maji yalipopungua tukavuka pamoja.

Yamile hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Akafungua mashine yangu, akatoa diski, akaifuta kwa kitambaa kama kikombe cha mgeni, akaiunganisha na ile nyeusi yake iliyokwaruzwa. Tukangoja. Ikatokea! Harusi nzima! Nilimbusu Wilfrido shavuni. Sitaki kulizungumzia tena.

Kumbe video ya simu yake inaonesha uso wa Mwalimu wakati mzee akisema yale maneno. Yangu ina mzee na sauti. Tukaziweka pamoja. Mashine nyeusi ikahariri yote, ikaitoa filamu nzima, na nilipoigusa ilikuwa na joto la paka tu.

Jumamosi, 6 Septemba

Mtaa mzima, viti mpaka barabarani. Yamile akaongeza sauti hadi mwisho. Mzee Aníbal alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ukutani akasema: "Perpetua, nimechoka kula peke yangu."

Mwalimu akasimama. Akamgeukia. "Aníbal! Kumbe ndivyo ulivyosema? Mimi nilisikia umechoka kusimama. Ndiyo maana nilikuvutia kiti!"

Na kweli, ukutani anavuta kiti. Nilipohariri nilidhani ni mahaba. Watu walicheka mpaka viti vikaanguka, kisha wakageuka wote pamoja, maana Mwalimu alikuwa amemshika mzee mkono na hamwachii. Akasema sasa kasikia, na kuanzia kesho chai ni saa kumi na mbili, asichelewe.

Wilfrido kapokea pongezi nyingi kuliko alizostahili. Mimi chache.

Jumatatu, 8 Septemba

Yamile kakubali kuniuzia ile nyeusi, kwa bei ya kirafiki. Dada Edilma, Mungu ambariki, kanipa kilichobaki cha akiba yake. Kasema vuka barabara, lipa, rudi. Kanihesabia hatua: ishirini.

Nilipofika ya tisa likasimama lori. Jamaa katoka bandarini, ana maboksi yaliyofungwa. Kompyuta tatu kwa bei ya moja! Kulifungua boksi kabla ya kulipa hakuruhusiwi, lakiri ni ya serikali.

Lakini mimi si mjinga wa wiki iliyopita. Nikamkazia macho, nikamuuliza lile swali kubwa: je, ni mpya au ni mtumba?

Akajibu bila kupepesa: "Zote mbili, bosi."

Sijawahi kusikia jibu lililokamilika namna hiyo.

Boksi liko hapa kitandani. Zito kweli! Ukilitikisa kunasikika kama vigae. Watu wa bandarini wanajua kufunga mizigo.