Habu Mbili za Kamanda

Jumatatu, tarehe 4

Nimekata shauri. Kamanda atatembea!

Kwa faida ya vizazi vijavyo: Kamanda ni gari la jeshi la marehemu baba. Aliliendesha akiwa askari, akastaafu nalo kwa idhini ya wakubwa zake, na limekaa uani kwangu tangu alipofariki. Injini hunguruma kila Jumapili ninapoiwasha. Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyogoma, kwa sababu breki zimeganda humo ndani. Kuzifikia lazima habu zitoke. Habu ni kile kitovu cha chuma kinacholishika gurudumu kwenye ekseli, yaani mhimili wake. Ni mbili tu. Mtu mzima na akili zake, habu mbili!

Binti yangu anaolewa Jumamosi. Jana aliniita pembeni, akaniomba nimpeleke ukumbini kwa gari la babu, lile ambamo babu alikuwa akimpakata mbele ya usukani. Nikamwambia hilo limekwisha. Kisha nikaenda nyuma ya gari kujipangusa macho. Vumbi.

Shemeji, kaka yake mke wangu, amekwisha kuliosha gari lake jeupe na kulifunga riboni. Anasema ni la akiba tu. Akiba! Ameliegesha uani, pua yake ikiutazama ubavu wa Kamanda kwa dharau.

Nimenunua breki shuu mpya, vile vipande vinavyobana gurudumu kwa ndani. Nimeliweka boksi juu ya kabati la jikoni. Mahali pa salama, lisije likapotea.

Jumanne, tarehe 5

Tumeanza na upande wa kulia. Tumeanza maana yake mimi.

Nati ya katikati imekataa. Spana fupi. Nimeng'oa bomba la kitanda cha chuma cha wageni, nikalichomeka kwenye mpini wa spana kuongeza urefu, nikaning'inia. Nimening'inia asubuhi nzima kama shati kwenye kamba. Shemeji akatoka na kikombe cha chai, akauliza kama daktari ndiye aliyeniandikia mazoezi hayo. Nikamjibu kwamba kazi za wanaume zina mikao yake.

Alasiri nati ilisalimu amri kwa mlio wa kutisha. Nilianguka kifudifudi, lakini nilianguka mshindi. Nikapiga nduru. Majirani wakachungulia. Kisha nikagundua kwamba habu yenyewe haijasogea hata unywele. Nati ilikuwa bawabu tu. Mwenye nyumba bado yumo ndani, amelala.

Jumatano, tarehe 6

Nyundo. Mafuta ya taa. Nyundo kubwa zaidi. Maji ya moto, ambayo kumbe yalikuwa ya mama watoto kuogea. Wapi!

Nikamlaani kwa sauti punda aliyekaza vyuma hivi. Nikasema hakuwa na akili, hakuwa na elimu, na hakuwa na huruma kwa watakaokuja nyuma yake. Mama watoto akatokeza dirishani, taulo begani, akasema punda huyo anamjua vizuri, kwani hulala naye kitanda kimoja. Akanikumbusha. Wiki ile tuliyomzika baba, ni mimi niliyezunguka gari hili nikikaza kila nati kwa bomba hilihili la kitanda, huku nalia, asije mwizi akamwibia mzee magurudumu yake.

Nikakaa juu ya ndoo. Ni kweli. Nilimpenda sana mzee wangu, na siku hizo sikujua niipeleke wapi mikono yangu.

Halafu nikainuka nimejaa fahari. Kumbe sishindani na kutu! Nashindana na mimi mwenyewe, na mimi si mtu wa mchezo.

Alhamisi, tarehe 7

Cheche, mchomeleaji wa nyumba ya pili, ameniazima pula. Ni dude la miguu mitatu: miguu inaikumbatia habu, skrubu ya katikati inaisukuma ekseli, mpaka mmoja wao akubali kuachana. Akaniusia mambo mawili. Kwanza, nirudishe nati mizunguko miwili mitatu, ili habu ikifyatuka isiende mbali. Pili, siku ya kuirudisha habu, nipake grisi. Nikamshukuru kwa heshima zote. Nati nikaitia mfukoni. Kumfungia mtu kamba wakati unambembeleza atoke, hiyo ni akili gani?

Nikakaza pula mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Kimya. Nikaambiwa wakwe wamefika, wazazi wa bwana harusi, wamekuja kutusalimu. Nikaliacha pula vilevile, limekaza, nikanawa mikono na kuingia sebuleni. Baba wa bwana harusi akauliza kwa adabu kama usafiri wa bibi harusi umepatikana. Shemeji akajikohoza. Akaweka kikombe chini. Akafungua mdomo.

BUUUM!

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga hawakukosea hata herufi. Shemeji alikuwa wa kwanza chini ya meza, baba wa bwana harusi akamfuata. Tulipotoka nje tulikuta pula limelala kifudifudi, ekseli iko uchi, na habu imetua ndani ya taa ya kushoto ya gari jeupe. Ndani kabisa! Kamanda amefyatua risasi yake ya kwanza tangu astaafu, na hakukosa shabaha.

Shemeji amesema maneno ambayo sitayaandika. Mama watoto hakucheka mbele ya wageni. Alikwenda kuchekea jikoni, nilimsikia.

Ijumaa, tarehe 8

Habu ya kushoto imetolewa chini ya usimamizi wa mama watoto, mikono kiunoni, nati mahali pake. Ikatoka kwa adabu. Tak. Basi. Sikuifurahia sana.

Ndani, breki za zamani zilikuwa zimebaki unga na vigae. Nikazibandua zote, nikafagia, nikasugua mpaka chuma kikang'aa. Nikapachika gurudumu kwa majaribio, nikalisukuma kwa kidole. Likazunguka! Binti akaja na mikono yake ya hina, akasukuma na yeye. Tulikaa chini tukizungusha magurudumu kama watoto, tunacheka tu.

Wakati wa kufunga, Cheche akaninyooshea mkebe wa grisi juu ya ukuta. Nikamwambia grisi ni ya watu wanaopanga kufungua tena. Nikachukua bomba la kitanda. Nikakaza, nikaning'inia, nikadunda. Nikamwita shemeji naye aning'inie, maana kwa uzito Mungu amemjalia. Akakubali. Tumepatana. Bibi harusi hapandi gari lenye vitu vinavyolegea!

Jumamosi, tarehe 9

Ushindi! Ushindi mtupu!

Binti kando yangu na shela lake, mama watoto nyuma na maua, Kamanda ananguruma, watu wametoka milangoni. Shemeji anatufuata na gari lake la jicho moja. Njiani binti aliweka mkono wake juu ya wangu kwenye usukani, akasema babu angefurahi. Nilitaka kumjibu. Nikapiga honi badala yake.

Kwenye lango la ukumbi nikakanyaga breki kwa mara ya kwanza. Pedali ikazama mpaka sakafuni. Tukawapita wapiga picha. Tukawapita wakwe. Tukampita bwana harusi. Tukauzunguka uwanja. Yule kijana akadhani ndio utaratibu wa kijeshi, akasimama wima, akapiga saluti. Wageni wote wakamwiga. Nikazima injini, lakini Kamanda ana uzito na heshima yake, akazunguka tena, polepole, huku watu wanapiga makofi, mpaka akajilaza kwenye rundo la mchanga nyuma ya ukumbi.

Binti akashuka na mchanga kwenye shela, anacheka mpaka machozi. Akanikumbatia mbele za watu. Baba wa bwana harusi amesema hajapata kuona gwaride la harusi tamu namna ile. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Jumapili, tarehe 10

Mama watoto alikuwa anatafuta sinia juu ya kabati la jikoni. Akarudi na boksi. Akaliweka mezani, karibu na chai yangu, akaniuliza kwa upole, ule upole wake mbaya, hivi ni vitu gani.

Breki shuu. Mpya. Karatasi haijachanwa.

Nikamjibu kwamba fundi mzuri hakosi akiba. Akasema nikazifungue zile habu sasa hivi, kabla chai haijapoa.

Nimekwenda. Spana, bomba la kitanda, mimi juu yake. Nikaning'inia. Nikadunda. Nikamwita shemeji, tukaning'inia wawili. Bomba likapinda. Nati haikutikisika.

Nikashuka, nikarudi nyuma kidogo, nikaitazama. Machozi yakanilenga. Kukaza si huku! Atakayesema mimi si fundi, mleteni hapa aifungue.