Paluku, Kambale na Wenzao Wasio na Disque

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2002. Butembo.
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Kavuo amefunga kitambaa cha manjano. Nimeshindwa kumaliza chai kwa kumtazama.

Bado tunalala kwa tantine Kyakimwa, shangazi yangu, salon, nyuma ya pazia. Nikimshika bibi yangu mkono tu, tantine anakohoa. Nyumba yake, kikohozi chake, sawa. Mais sisi ni watu wa ndoa, tena ya kanisani.

Leo tumaini. Askari waliopita mwaka juzi waling'oa disque za ordinateurs, zile kompyuta za shule, kumbukumbu yote ikaenda nazo; sijui walidhani ni redio. Zimebaki mashini sita tupu, na moja yenye disque iliyofichwa kijijini Vuhovi chini ya maharagi. Papa Mathe, mkuu wa komite ya wazazi, ametuita mimi na fundi mwenzangu Melchior. Ile moja iamshe zile sita kupitia câble, Jumamosi wazazi wanakuja kuona. Atakayefanya vizuri zaidi atakuwa mlinzi wa salle ya mashini na atapewa chumba cha nyuma. "Batoto bangu," alisema, "chumba iko moja."

Chumba. Chenye mlango. Chenye ufunguo.

Melchior hana bibi. Nilimuuliza chumba cha nini. Eti cha baiskeli.

Jumanne, tarehe 5.
Mashini isiyo na disque ikiwashwa haijui kitu. Inaita kwenye câble: mimi nani, nianzie wapi? Serveur, ile yenye disque, inaijibu jina lake na inaipa faili ya kuanzia. Nzuri kama mapenzi. Nilimweleza Kavuo, akanitazama kwa macho yale.

Majina nimeyapanga kama ya watoto wa kiume kwetu, kwa mpango wa kuzaliwa. Inayoita ya kwanza ni Paluku, ya pili Kambale, halafu Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa. Melchior akacheka. Eti kila mashini ina numéro yake kwenye carte ya ndani, pale câble inapoingia, jina lifungwe kwenye numéro hiyo. "Mashini haina mama, Jephté. Andika numéro, biliisha." Mtu anayelala na baiskeli anifundishe mambo ya uzazi!

Kavuo naye aliuliza, polepole: na kama siku moja Kakule akiita mbele ya Paluku? Swali zuri, kwa sauti nzuri. Nikamwambia haiwezekani, nitaziwasha mimi mwenyewe, moja moja. Nikambusu paji la uso. Tantine akakohoa.

Alhamisi, tarehe 7.
Zote sita zimeamka, kwa mpango. Melchior amekimbia kumwambia Papa Mathe "tumeziamsha". Tume! Yeye amekaza câble tu.

Donc nimetengeneza jambo. Paluku, karibu na mlango, ni ya Papa Mathe: ikiamka itamwonyesha maneno ya sifa. Kasereka, dirishani, ni ya Kavuo: barua yangu ya mapenzi. Mbusa, kule nyuma, ni ya Melchior: nimeiondolea faili ya kuanzia. Atakaa mbele ya giza, wazazi wote wakimwangalia.

Jumamosi, tarehe 9.
Nani aliweka maji ndani ya mafuta ya groupe, jenereta ya shule? Nauliza tu.

Niliziwasha vizuri, kwa mpango, Paluku hadi Mbusa. Wageni wakakaa. Ndipo groupe ikapiga chafya, ikazimika, ikarudi. Mashini sita zikaamka pamoja, zikaita pamoja, kila moja ikachukua jina iliyolikuta wazi, pamoja na faili yake.

Melchior, kule nyuma, alisoma: "Karibu baba yetu, mwenye hekima kupita wote wa Butembo." Akanishukuru.

Kavuo alipata giza. Alilitazama kwa uvumilivu, malaika wangu.

Papa Mathe alipata barua. Alivaa miwani, akaisoma kwa sauti, kidole juu ya kila neno: "Kipenzi changu, vumilia. Huyu muzee wa komite akishatupa chumba, tutatoka kwa tantine anayekohoa kama groupe."

Tantine alikuwa kwenye kiti cha pili. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, hakukohoa.

Jumapili, tarehe 10.
Melchior ameandika numéro sita kwenye karatasi moja, na kila mashini imepata jina lake. Kazi ya karani. Amepewa salle na chumba. Nimeona baiskeli ikiingia.

Godoro letu tulilikuta nje, limekunjwa vizuri. Tantine alisema mlangoni: "Muende kulala kwa batu benye habakohoe." Tumepanda lori ya Beni, kwa baba yake Kavuo, mtaa wa Bungulu. Kwenye kila barrière ya barabarani askari walifungua godoro. Kavuo alicheka njia nzima. Barua anaijua kwa kichwa.

Jumanne, tarehe 12. Beni.
Mbingu ipo. Shule moja hapa ina mashini nne, nazo askari waling'oa disque. Mkurugenzi ananingoja Ijumaa, na nyuma ya salle nimeona kachumba.

Kavuo ameweka karatasi ndani ya mfuko wa shati langu: "Andika numéro." Mwandiko wake! Nimeibusu karatasi, nimeirudisha mfukoni.

Mais kosa la Butembo nimelipata mwenyewe. Nilizipa majina ya wavulana, na wavulana wanasukumana. Hizi nne nitazipa ya wasichana, kwa mpango wa kuzaliwa, kuanzia Masika, binti wa kwanza.

Barua mpya tayari. Ndani nimegusa kidogo habari ya baba mkwe anayeimba nyimbo za kanisa kila alfajiri, karibu na sikio letu. Nimemwalika. Amesema atakaa mbele.