Nilivyomshtaki Jovitha Mbele ya Kliniki Nzima

Namshukuru Mungu aliyeniamsha salama na kunivumilia mpaka jioni hii, maana leo nimeaibika, na hasira bado haijanishuka.

Binti yangu amekuja juzi na mtoto wa miezi minne, mjukuu ambaye sikuwahi kumwona, pamoja na Jovitha, dada wa kazi anayemlea mtoto. Asubuhi binti akaenda mjini Kayanga. Mimi niko barazani nasoma Neno (tena habari za uvumilivu!). Jovitha anamwogesha mtoto kwenye beseni. Akamgeuza. Mawe, mama yangu! Mgongo wote wa chini ni bluu, kama ameangukiwa na mkungu wa ndizi.

"Umempiga mtoto!"

"Hapana, babu. Amezaliwa nayo."

"Kazaliwa amepigwa? Na nani, huko tumboni?"

Akaanza kulia. Mimi nikaona kilio ndicho ushahidi. Nikamwambia leo hii anafukuzwa, anarudi kwao Rugera, ila kwanza twende kliniki waone alichofanya. Tukaenda kwa miguu. Njia nzima nafoka.

Kliniki ilikuwa siku ya kupima uzito. Kina mama wamejaa kwenye mabenchi. Sikupanga foleni (hasira ya haki haipangi foleni, nilijiambia). Nikamwinua mjukuu, nikamfunua mgongo.

"Tazameni ukatili wa huyu binti!"

Muuguzi akaja. Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, mzee. Hii ni alama ya kuzaliwa. Haiumi, na haihitaji dawa. Akikua itafifia yenyewe."

"Bluu yote hii?"

Akageukia mabenchi. "Kina mama, wenye watoto wa alama kama hii mtusaidie."

Wakawafunua watoto wao. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Benchi zima migongo ya bluu! Bibi mmoja akaniuliza, "Na hawa nani kawapiga? Hata wewe ulikuwa nayo, mzee, ila waliokuogesha wameshatangulia."

Walicheka mpaka watoto wakaamka.

Nikamwomba Jovitha msamaha, kwa sauti ndogo.

"Babu, kunishtaki ulipaza sauti."

Nikapaza.

"Nimekusamehe, na kwetu sirudi. Ila mtoto utambeba wewe."

Akanifunga mjukuu mgongoni kwa kitenge cha maua mekundu. Nimetembea hivyo hadi nyumbani Bugene, mzee wa kanisa mzima, watu wakitoka madukani kuniamkia mara mbili mbili!

Sina wa kumkasirikia ila mdomo wangu. Na wewe uliyenipiga picha pale dukani, ifute. Wengine wote mliosoma, Mungu awape masikio kabla ya sauti. Amina.