Kiroboto na Lango la Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Ko.

Mlio mmoja tu. Pete ya mzee wa vyuma chakavu ikigonga boneti la Kiroboto asubuhi hii. Aligonga kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa ambaye ndugu zake wameshaanza kunong'onezana mlangoni. Akasikiliza. Akatikisa kichwa. Nimeosha vyombo nikiusikia. Nimekula nikiusikia. Ko.

Aliyemwita ni Shangazi. Nyumba ni yake, ua ni wake, na kamba ya nguo ambayo Kiroboto ameiziba nusu ni yake pia. Kasema ua wake si makaburi ya magari. Kasema tangu nimalize chuo na shahada yangu ya hesabu, kitu pekee nilichojumlisha ni kutu.

Hawaelewi. Kiroboto ni gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, dogo kiasi kwamba ukipiga chafya ndani yake unalowanisha vioo vyote. Nilimkuta nyuma ya ghala, kuku ametagia kiti cha dereva. Miaka yote nimesoma vitu visivyoshikika. Huyu ni kitu cha kwanza nilichokitengeneza kikatoa moshi.

Basi nikasimama mbele ya boneti, mikono nimeitanua kama golikipa, nikaweka nadhiri. Jumamosi kuna Mbio za Vibovu: magari ya kuungaunga, matope, kilima, na zawadi ni spana iliyopakwa rangi ya dhahabu. Kiroboto akivuka mstari wa mwisho kwa nguvu zake mwenyewe, bila kuvutwa wala kusukumwa, anabaki uani. Asipovuka, Jumatatu ijayo mzee wa vyuma amchukue, na lango nitalifungua mimi kwa mkono wangu.

Shangazi kakubali upesi mno. Kataka nirudie mbele ya shahidi. Shahidi ni mwanawe, binamu yangu, aliyekuwa jikoni akimaliza chai yetu. Tunamwita Bosi. Hana kampuni wala mfanyakazi. Ana miwani ya jua. Naye anashindana Jumamosi, na gari lake amelifunga taa nyingi hata linafanana na duka la simu. Kaniambia nisihofu, nikikwama atanivuta, ila atanipiga picha kwanza.

Anivute mimi! Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Ekseli ya nyuma imekatika. Nilijua siku nyingi, ila nilikuwa siitazami. Nimekwenda kwa mzee wa vyuma kutafuta nyingine. Ni adui, lakini adui mwenye bidhaa. Tumebadilishana: yeye kachukua pasi yangu ya umeme, mimi ekseli. Nguo na zikunjamane.

Tatizo likaja baadaye. Difu, lile bonge la chuma linalopokea nguvu kutoka kwenye shafti na kuyagawia magurudumu, katika ekseli hii limekaa upande wa kulia. Shafti ya Kiroboto inatokea kushoto. Nikakaa juu ya ndoo. Nikawaza mpaka ndoo ikaniachia alama. Kisha jawabu likanijia lote kwa mpigo: ipindue! Juu kuwe chini, kulia kuwe kushoto. Ulinganifu mtupu. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Jirani akafunga dirisha.

Cheche kaja kuchomelea. Ni fundi wa mtaa wetu, na ana imani moja tu: kila kinachotikisika kinahitaji moto. Akiona ufa, anachomelea. Asipouona, anautafuta. Ekseli kaichomelea kwa ukarimu wa mtu anayepaka siagi ya jirani. Nilipogeuka kidogo tu kumletea maji, kaichomelea pia fimbo ya kuunganisha magurudumu manne, ikiwa imeunganishwa. Kasema ilikuwa inacheza.

Kwa hiyo sasa Kiroboto anavuta kwa miguu yote minne daima, atake asitake. Sawa! Kusitasita ni kwa wengine.

Alhamisi, 6 Machi

Fedheha.

Nimewasha. Mngurumo mzuri, wa kifua. Gia ya kwanza, klachi polepole. Kiroboto akatetemeka, akasimama palepale. Nikaongeza mafuta. Akatunisha mgongo kama paka aliyeona mbwa. Nikatoa kichwa dirishani: magurudumu ya mbele yanachimba kwenda mbele, ya nyuma yanachimba kurudi nyuma!

Difu ukilipindua, linazungusha kinyume. Bila shaka linazungusha kinyume. Wahenga walionya kuhusu mafahali wawili zizi moja. Hawakusema lolote kuhusu mafahali wawili gari moja.

Bosi alikuwa ameegemea lango na miwani yake. Kauliza kama hili ni gari au mashine ya kuchimba choo. Kamwita mama yake aje ajionee. Shangazi kaja, kayatazama mashimo manne chini ya kamba yake ya nguo, kasema angalau sasa ana pa kupanda maua.

Kuirudisha ekseli ilivyokuwa haiwezekani. Shafti haitafika, na Cheche amechomelea mpaka nati. Nimelia kidogo ndani ya gari, vioo vimefungwa, ili asisikie mtu. Hapo ndipo nikakumbuka jambo tulilokaririshwa tukiwa bado na magoti ya vumbi: hasi mara hasi ni chanya! Ekseli ya nyuma iko kinyume. Nikiipindua na ya mbele, ambayo difu lake liko katikati, kinyume na kinyume zitafutana!

Cheche kauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina shahada. Kaanza kukata.

Ijumaa, 7 Machi

Hazikufutana.

Zimekubaliana. Magurudumu yote manne sasa yana msimamo mmoja, umoja ambao sijapata kuuona hata katika ukoo wetu: yote yanarudi nyuma. Gia ya kwanza, nyuma. Ya pili, nyuma kwa kasi. Ya tatu sikuifikia, kwa sababu ya lango.

Lango la Shangazi! Chuma kitupu, lina maua ya chuma, kila mwaka analipaka rangi ya kijani yeye mwenyewe, na mgeni haonjeshwi chai kabla hajalisifu. Sasa lina tumbo. Shangazi kalishika lile tumbo kwa viganja viwili, kisha kasema kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo ya kuogopwa: “Wewe msomi. Ukiligusa tena lango langu, utahamia ndani ya hilo gari.” Nikasema nimesikia, Shangazi. Bosi kashauri nijitoe mapema nisije nikauumbua ukoo.

Nijitoe! Nimelala chini ya gari, mahali ninapofikiri vizuri kuliko pote. Kiroboto ana gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Watu wa kawaida wangeita hitilafu. Mimi naona ni suala la kuamua mbele ni wapi. Nimechukua rangi ya kijani iliyobaki, nikaandika kwa herufi kubwa kwenye mlango wa nyuma: MBELE.

Limebaki moja. Kanuni zinataka kila gari liwe na mtu wa kumwelekeza dereva njia. Cheche kakataa, kasema yeye anajua alivyochomelea. Rafiki yangu wa chuo kapatwa na jino ghafla. Nikamwendea Shangazi. Nikamwambia nikishindwa, ataona mwenyewe, tena kwa karibu.

Katabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Kasema safari ya kuliaga gari hili hawezi kuikosa. Kaanza kutafuta mto wa kukalia.

Jumamosi, 8 Machi

Shingo haigeuki. Naandika nikiwa nimetazama ukutani.

Filimbi ililia, magari yote yakaelekea kilimani. Sisi tukaelekea kilimani tukitanguliza mgongo. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mimi nimejipinda kitini kama kamba, Shangazi kapiga magoti kiti cha nyuma juu ya mto wake, kilemba kakikaza, uso kwenye kioo.

Akapiga kelele kushoto. Nikauliza kushoto kwake au kwangu. Akasema kushoto kwa kweli! Tukaingia shamba la mahindi la mtu. Shangazi akamwamkia mwenye shamba dirishani, akamuuliza hali ya watoto, tukatoka.

Kijito tulikiruka. Kilimani Kiroboto alipanda kwa miguu minne kama aliyeitwa kula. Tukampita wa kwanza. Tukampita wa pili, ambaye gurudumu lake lilikuwa limetangulia bila yeye. Hapo nikasikia nyuma yangu, yaani mbele yangu, mtu anapiga paa kwa ngumi akisema kanyaga, mwanangu, kanyaga, wanatuona! Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa Shangazi.

Kisha bondeni, mstari wa mwisho unaonekana kabisa, tukamkuta Bosi. Amezama hadi milangoni, taa zake zote zinawaka mchana. Mimi nikashika njia ya pembeni. Shangazi akasema simama. Nikasema Shangazi, haya ni mashindano. Akasema, “Na yule nilimzaa kwa siku mbili. Simama!”

Nadhiri ilikataza Kiroboto kuvutwa. Haikusema neno juu ya kuvuta. Tukafunga kamba kwenye bampa la mbele, ambalo kwetu ni la nyuma. Bosi akaniomba kwa adabu nisimpige picha. Nilimpiga moja. Nikakanyaga. Matope yakaruka, Kiroboto akalia, na Bosi akang'oka kama jino.

Bampa likang'oka pia. Kazi ya Cheche ilishika. Chuma kilichoshikana nayo ndicho kilichosalimu amri. Bampa, taa moja na uso mzima vikabaki kwenye kamba, na rejeta ikaanza kuchemka hadharani. Bosi je, alingoja? Alitupita! Kwa magurudumu niliyoyatoa mimi matopeni, akiburuta bampa langu nyuma yake, akavuka mstari akipunga mkono.

Nilimwambia Kiroboto maneno ambayo sitayaandika. Alinielewa. Tukavuka, mgongo mbele, mvuke mtupu, wa mwisho kabisa kati ya waliofika.

Mwamuzi, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, akasema hajui kama kuvuka kinyumenyume kunahesabika. Shangazi akashuka. Kilemba hakipo, matope hadi kwenye nyusi. Akamwambia: mwenzangu, wewe umesoma, soma mlango huo. Imeandikwa nini? Imeandikwa MBELE. Sasa unataka tuingie kwa upande gani?

Bendera ikashuka. Kiroboto anabaki!

Jumapili, 9 Machi

Kila kiungo kinauma, hata vile ambavyo sikuvitumia. Shangazi kaanika nguo akiimba, na kitambaa kimoja kakitundika kwenye antena ya Kiroboto kana kwamba iliwekwa kwa ajili hiyo. Nimemwona akimpapasa boneti. Alipogundua naangalia, kakung'uta vumbi ambalo halikuwapo.

Bosi kaja kurudisha bampa na kunywa chai. Kasema kanishinda kwa bampa moja. Nikamkumbusha bampa lenyewe ni langu. Nikaiweka ile picha mezani, karibu na sukari. Chai yake hakuimaliza.

Kisha Shangazi kanikalisha. Kasema nadhiri ni nadhiri, Kiroboto anabaki. Lakini ni huyu mmoja. Hakuna bovu la pili litakalopita katika lango lake, na nikaapa, mkono juu, Bosi akiwa shahidi tena. Niliapa kwa moyo mweupe kabisa.

Ila rejeta imekufa. Na Kiroboto hana uso. Na nimekuwa nikiwaza: akipatikana mwenzake mwenye pua nzima, nikawaunga mgongo kwa mgongo, gari lingekuwa na gia nne kila upande. Halingehitaji kugeuzwa kamwe. Nawaza tu. Kuwaza hakuna masharti.

Jumatatu, 10 Machi

Mzee wa vyuma kaja na mkokoteni wake wa kuvutwa na trekta. Hakuna aliyemwambia habari. Shangazi ametoka, kaenda kumtembelea dada yake. Nikasimama langoni nikamweleza kwa fahari kwamba Kiroboto haendi popote.

Hakujali. Juu ya mkokoteni wake alikuwa na gari dogo. Rangi ileile, macho yaleyale. Nyuma hana kitu, lakini pua nzima, rejeta inang'aa kama sinia la sikukuu. Pacha wa Kiroboto! Nilihisi damu imenipanda masikioni.

Nikamwambia sina cha kubadilishana, pasi anayo tayari. Kasema hata ningekuwa nacho, gari lisingeingia. Lango jembamba, tena tangu liote tumbo halifunguki hadi mwisho. Huku akisema, akaliegemea, na pete yake ikaligonga.

Ko.

Si ile ko ya kwanza. Hii ilikuwa nene, ndefu, ikabaki hewani kama kengele. Tukatazamana. Kasema kwa upole kwamba hicho ni chuma kizuri.

Nimeyapima maneno ya Shangazi kama ninavyopima kanuni yoyote. Kasema hakuna bovu la pili litakalopita katika lango lake. Hakusema uani. Kasema langoni. Na pasipo na lango, hakuna kinachoweza kupita langoni. Hilo halina ubishi. Hata mwalimu wangu aliyeninyima alama za mwisho angelisaini.

Cheche kamaliza kukata bawaba kabla ya chakula cha mchana. Pacha ameingia bila kugusa popote, yuko chini ya nusu iliyobaki ya kamba ya nguo, mgongo kwa mgongo na ndugu yake. Chai ya Shangazi nimeshaipika. Mto wake nimeuweka kwenye kiti cha nyuma cha Kiroboto, pamoja na mswaki wangu, ikiwa nitalazimika kuhamia. Lango limeshaondoka juu ya mkokoteni, na nimelisikia likilia mpaka kona ya mwisho.