Muuzaji wa Duka la Mutsamudu

Jumatatu, 3 Mei 1965. Moroni.
Nafungua duka la pili la nguo, Mutsamudu, kisiwa jirani. Nahitaji muuzaji. Chaher, jirani yangu na mshindani wangu tangu chuoni, naye anafungua huko, naye anatafuta. Yeye atamchukua yeyote mwenye meno. Mimi nitafanya usaili! Bahia, mke wangu, kashauri niwape kitambaa nione wanavyokiuza. Rahisi mno. Mtu mzima kama mimi!

Jumanne, 4 Mei.
Nimepata. Biashara ni subira. Nitawaacha barazani juani, niwachungulie dirishani. Atakayevumilia ndiye. Bahia kasema hata mbuzi huvumilia akifungwa. Nikatoka kulipima jua la barazani. Nyumba ni yake, kajengewa na babake.

Jumatano, 5 Mei.
Wamekuja wanne. Roukia, mjane mzaliwa wa Mutsamudu, kauliza duka liko mtaa gani na wateja ni kina nani. Kimbelembele! Nikamfuta moyoni. Joto likazidi. Nikasinzia hapo dirishani. Kuamka, baraza tupu! Kabaki kijana mmoja, Toihir, peke yake, kaegemea ukuta, kafumba macho. Subira iliyoje! Nimemwajiri papo hapo. Ilibidi nimtikise ndipo apate habari.

Alhamisi, 6 Mei.
Msiba! Nilipokuwa nimesinzia, Chaher aliwaita wale watatu kwake, akawapa kahawa, akamtaka kila mmoja amwuzie kitambaa. Kamchukua Roukia. Wazo kapewa na mkewe, aliyepewa na mke wangu. Leo baada ya sala kanishukuru mbele ya watu kwa kumkusanyia wauzaji. Nikamwambia karibu tena. Karibu tena! Ulimi huu!

Jumatatu, 17 Mei. Mutsamudu.
Nimeshuka bandarini, nikapanda vichochoro mpaka dukani. Mlango wazi. Toihir kalala juu ya shiromani za kujitanda wanawake, nguo zangu bora. Katika duka la Chaher, linalotazamana nasi, wanawake wamejaa mpaka nje, Roukia anawapimia. Kaniamkia kwa adabu. Kasema wateja wangu waliona haya kumwamsha kijana wangu, basi akawasitiri yeye. Nikashukuru. Nilitamani ukuta unimeze.

Jumanne, 18 Mei.
Nimekwenda kumfukuza Toihir. Kaniomba radhi, kasema kazi imemwelemea mtu mmoja. Maneno ya mjuzi wa biashara! Anaye kaka, Mbaé, anayemshinda yeye kwa utulivu. Nikataka kumwona. Kasema sasa hivi amelala.
Nimekataza asiamshwe. Anaanza kesho, inshallah, akiamka.