Kamati ya Kuwatazama Wasio na Makazi

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba tatizo la watu wasio na makazi huku Temeke sasa linatazamwa ipasavyo. Tangu tupate televisheni, Kamati yetu imehakikisha linaonekana kila Ijumaa, kwenye taarifa ya habari. Mimi ndiye Katibu.

Tulianza na Mwanaasha, mjane aliyebomolewa nyumba kupisha barabara. Alikuwa akilala upenuni mwa ghala la soko na mwanawe mchanga, na masika yalikuwa yanakaribia. Watazamaji walimpenda sana. Kwa bahati mbaya, jirani yake wa zamani, Hamida, akajitokeza kumpa chumba bure. Ilibidi tumwite.

"Dada, unataka kutuharibia mradi?" nilimwuliza.

"Mradi gani? Mtoto anakohoa, nyie mnapiga picha tu!"

Nilimweleza kwamba ufumbuzi usioratibiwa huwachanganya watazamaji. Akanisonya. Chumba tukakifungia, kisubiri ukaguzi wa afya.

Ijumaa iliyofuata Mkurugenzi wetu, Bwana Mudathir, alikuja mwenyewe mbele ya kamera. Akampa Mwanaasha mkono, na kwa ustaarabu wa mtu wa pwani akamwambia, "Siku moja karibu nyumbani, mama." Sote husema hivyo. Anayeambiwa hujibu ahsante, akaenda zake.

Mwanaasha akakunja mkeka. "Ahsante, baba. Siku yenyewe si ndiyo leo?"

Kamera zikamfuata hadi Kinondoni. Mke wa Mkurugenzi, Bi Najat, si mtu wa kumrudisha mgeni mlangoni, tena nchi nzima ikitazama. Akamlaza chumbani kwake. Mume akahamia sebuleni. Kesho yake wanawake wa mtaa wakaja kumwona mgeni, naye mume kwa heshima akatoka sebuleni awapishe. Wakawa wanakuja kila siku, chai inamiminwa, vicheko mpaka usiku, na Mkurugenzi yuko barazani na mto wake. Kusema kweli nilimwonea huruma. Nikampelekea mwavuli wa ofisi.

Ijumaa kamera zikarudi. Mtangazaji alikuwa mpya kazini, hakumjua Mkurugenzi. Akamsogezea kipaza sauti.

"Pole, mzee wangu. Serikali inakusaidiaje?"

Mvua ilikuwa imeanza. Ndani mtoto wa Mwanaasha amelala, hakohoi tena. Mkurugenzi akaukumbatia mto, akakohoa kidogo, akajibu kama alivyozoea:

"Serikali inalifuatilia suala langu kwa karibu sana."