Asnath na Kamati Ndogo ya Uzoefu

Mamlaka ya Kuratibu Njia ya Misafara, Kanda ya Tabora, inautangazia umma kwa furaha kubwa kwamba hatimaye imepata Afisa TEHAMA. Mimi Idrisa, Katibu wa Kamati Ndogo ya Uzoefu, nimeagizwa nieleze mchakato ulivyokwenda, maana kule mtaa wa Ng'ambo yanasemwa mengine kabisa, na watu wa Ng'ambo mnawajua, midomo yao haina likizo.

Kwanza niwatoe ushamba wasiotufahamu. Mamlaka yetu inatoa vibali kwa misafara ya miguu inayopita Tabora kwenda Ujiji. Wabeuzi wanasema msafara wa mwisho ulipita kabla babu zetu hawajaota meno. Ni kweli. Ndiyo sababu hatujawahi kupokea lalamiko hata moja la foleni.

Mwaka jana tuliletewa mfumo wa kisasa wa kusajili misafara: kompyuta, kishikwambi, na waya za kutosha kuanikia nguo za kata nzima. Mkurugenzi wetu, Mzee Xavery, akaagiza kitu kisiguswe mpaka apatikane mtaalamu. Tangazo la kazi nililiandika kwa mkono wangu: anatakiwa kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano. Josepha wa masijala akaniuliza kama tunamtaka mtu aliyeajiriwa akiwa darasa la nne. Nikamwambia kijana mwenye nia haangalii darasa.

Alikuja mtu mmoja tu. Asnath, binti wa mrina asali wa Sikonge, kateremka kutoka juu ya lori la tumbaku, vumbi mpaka kwenye kope. Mkononi ana vyeti vitatu: cha mitandao, cha usalama wa kompyuta na cha kutunza data. Vyote kavisomea kwenye simu, kakaa juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yao, kwa kuwa hapo tu ndipo mtandao unaposhika.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," tuliitikia kwa pamoja, kwa mujibu wa taratibu.

Mkurugenzi akavigeuza vile vyeti mbele na nyuma. "Vizuri sana. Vina rangi. Sasa, binti, uzoefu uko wapi?"

"Sina, mzee. Ndiyo nautafuta."

"Unautafuta hapa? Hapa hatugawi uzoefu, binti. Hapa tunaupokea."

"Sasa mzee, nitaupata wapi, na hakuna anayenipa kazi?"

"Hilo ni swali la kisera," alisema Mkurugenzi, akaahirisha kikao tukanywe chai.

Binti akaenda kwa Aftab, mwenye duka la vipuri pale mjini, ambaye naye alikuwa anatafuta mtu wa kompyuta. Aftab alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. "Dada yangu," akamwambia, "mimi pia nataka mzoefu. Hapa mtu akikosea wiki moja, nafunga duka. Wewe anzia serikalini. Kule mtu anakosea miaka thelathini, halafu anafanyiwa sherehe." Tungemjibu Aftab kwa maneno makali, ila sherehe ya kumuaga mwenzetu Mzee Mahona alipostaafu, soda zote alitoa yeye.

Asnath akarudi kwetu, na safari hii macho yalikuwa mekundu. "Mama kasema nikikosa kazi kabla ya msimu wa kukausha tumbaku, nirudi nyumbani kuchochea moto kwenye mabani ya kukaushia," alisema. "Nimezaliwa ndani ya ule moshi, mzee. Sitaki kuzeekea humo." Mtumishi wa umma haruhusiwi kulia nje ya kikao. Lakini nasema wazi, nilimwonea huruma. Siku hiyohiyo nikaitisha Kamati.

"Waheshimiwa," nilisema, "uzoefu unatokana na kuzoea. Basi binti aachwe azoee."

"Azoee bila kufanya kazi?" Mkurugenzi akauliza.

"Bila kugusa kitu. Akigusa, hiyo ni kazi, na kazi inataka uzoefu."

"Kwa hiyo atakuwa anakuja asubuhi, anakaa, anaondoka jioni?" aliuliza Josepha. "Basi hapo si ameshakuwa mwenzetu?"

Maneno ya Josepha hayakuingizwa kwenye muhtasari. Asnath akapewa kiti kwenye korido, akaambiwa akae kwa kutulia.

Alizoea haraka mno, haijapata kutokea. Mwezi haujaisha, kashajua nani anakunywa chai ya rangi, mlango gani haufunguki bila kupigwa teke, na Mkurugenzi husinzia upande gani. Asubuhi moja Mzee Xavery aliingia saa tano, binti akasimama kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee. Leo umewahi, kuna mgeni?"

Mkurugenzi alifura. Alipita ofisi moja baada ya nyingine akipiga kelele, "Huyu binti ana mazoea! Ananizoea mimi!" Hapa naomba msomaji atofautishe: uzoefu tunautaka, mazoea tunayakataza, na waliosema mazoea yana tabu walishaona mengi. Kikao cha dharura kikaitishwa kumwondoa Asnath, kwa kosa la kuzoea kupita kiasi. Binti wa watu akasimama mbele yetu, vyeti kavikumbatia kifuani.

Katikati ya kikao akaingia Mama Apolinaria, mkaguzi kutoka makao makuu, bila taarifa, jambo ambalo kwa mgeni si ustaarabu.

"Endeleeni," alisema. "Huyu mnamshitaki kwa lipi?"

"Amezoea, mama!" alisema Mkurugenzi.

"Amezoea?"

"Sana! Muulize yeyote!"

Sote tukanyoosha mikono. Hata mlinzi alichungulia dirishani, akaapa kwamba hajawahi kuona mtu aliyezoea kama yule.

"Na tangu mwanzo mlikuwa mnatafuta mtu wa namna gani?"

"Mzoefu, mama," alisema Josepha kwa sauti ya chini.

"Basi mmempata, na mashahidi ni ninyi wenyewe. Binti, vyeti unavyo. Kawashe mfumo."

Asnath alicheka, akalia, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaenda kuwasha. Mkurugenzi akapiga makofi, akieleza kwamba hilo ndilo hasa lilikuwa lengo la kikao. Tungeishia hapo ingekuwa vizuri, lakini Mama Apolinaria alikuwa bado kasimama.

"Na wewe, Mkurugenzi, una muda gani hapa?"

"Miaka kumi na tisa, mama."

"Umesimamia misafara mingapi?"

"Kwa takwimu rasmi," alisema Mzee Xavery, akinitazama mimi, "bado."

"Na Katibu?"

"Bado, mama," nilijibu.

"Yaani mnaongoza misafara, na uzoefu wa msafara hamna?"

"Vyeti tunavyo, mama!"

"Vyeti bila uzoefu havipokelewi. Si ninyi mliosema?"

Hivyo basi, kwa amri ya mkaguzi kwamba tukautafute uzoefu kwa miguu, taarifa hii naiandikia Usoke, kando ya njia ya kwenda Ujiji. Huu ndio msafara wa kwanza kusajiliwa kwenye mfumo: mbele Mkurugenzi na furushi la mafaili kichwani, nyuma mimi na birika. Kila kijiji watu wanatupa pole na maji, na watoto wanauliza tunauza nini. Jana Mkurugenzi alipendekeza tupande basi kimyakimya, lakini kishikwambi tulichofungiwa kwenye mzigo kinaonyesha mpaka tulipopumzikia.

Mchana huu simu imelia. Alikuwa Afisa TEHAMA, kutoka ofisini kwake.

"Shikamooni, wazee wangu. Mbona kwenye ramani naona hamjasogea tangu asubuhi?"

Mkurugenzi akaninyang'anya simu. "Asnath, mwanangu, miguu imevimba, shingo haigeuki. Hii kazi hatuiwezi, mama."

"Jamani, poleni sana, mzee wangu," alisema Asnath, na nathibitisha kwamba pole ilimtoka moyoni. "Ni mwanzo tu huo. Mtazoea."